GARI LIPOTEZALO MAJI WAKATI WA BARIDI KALI
Namna ya kutafuta mahali panapovuja

Kila dereva wa kwetu, awe wa lori la mizigo katika barabara ya Mombasa au wa matatu ya mjini, anayo desturi aliyofundishwa tangu siku za kwanza: asubuhi, kabla ya kuwasha injini, huitazama rejeta, na maji yakiwa yamepungua huongeza kutoka katika debe. Desturi hii ni njema, nayo imeokoa injini nyingi. Lakini katika nchi za baridi, debe lile lile la maji laweza kuivunja injini kwa usiku mmoja.

Twaandika somo hili kwa sababu watu wengi wa Afrika Mashariki na wa Kongo siku hizi wanakaa Winnipeg na Edmonton katika nchi ya Kanada, na Minneapolis katika Marekani. Baadhi yao ni madereva wa teksi na malori. Wengine ni wauguzi watokao kazini usiku wa manane. Huko si ajabu usiku wa Januari kufikia digrii 30 za sentigredi chini ya sifuri. Gari likizimika njiani katika baridi ya namna hiyo, hasara si kuchelewa tu. Hita ya gari hupata joto lake katika maji ya injini, na maji yakiisha, joto nalo huisha. Waliomo ndani, hasa watoto, wamo katika hatari ya kufa.

Hata msomaji ambaye hatavuka bahari kamwe atapata faida hapa, kwa maana gari linalovuja Winnipeg huvuja mahali pale pale linapovuja Nakuru. Tofauti ni kwamba baridi haimpi mtu nafasi ya kukosea.

KWA NINI MAJI MATUPU NI ADUI

Maji yakiganda hutanuka. Lita 10 za maji zikiwa barafu hutaka nafasi ya lita 11 hivi. Mtu aliyewahi kusahau chupa ya maji iliyojaa ndani ya friji ya kugandishia ameona jinsi inavyopasuka. Bloki ya injini ni chuma, lakini chuma nacho hakiwezi kulizuia barafu. Bloki hupata ufa, au rejeta hupasuka, na dereva hajui lolote mpaka barafu itakapoyeyuka na maji kumwagika chini.

Kwa sababu hiyo, katika nchi za baridi injini haitiwi maji matupu. Hutiwa mchanganyiko wa maji na dawa ya kuzuia barafu iitwayo ethilini glaikoli. Mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz ndiye aliyeitengeneza kwanza, katikati ya karne ya 19. Madereva wa zamani walitumia spiriti, lakini spiriti hupaa upesi injini ipatapo moto, ikawabidi kuiongeza mara kwa mara. Mwaka 1927 dawa ya glaikoli ilianza kuuzwa Marekani kwa jina la Prestone, na tangu hapo ikaenea.

Nusu ya dawa na nusu ya maji huzuia kuganda mpaka kiasi cha digrii 37 chini ya sifuri. Watu wengi hudhani ya kuwa dawa tupu, bila maji, ingekuwa na nguvu zaidi. Sivyo hata kidogo. Dawa tupu huganda katika digrii 13 hivi chini ya sifuri. Nguvu imo katika kuchanganya, na kipimo kisipite sehemu 7 za dawa katika 10.

HESABU YA DEBE

Sasa na tuitazame ile desturi ya debe kwa hesabu. Tuseme injini ya dereva mmoja huchukua lita 8, nusu yake dawa, yaani lita 4 za dawa. Inavuja kidogo kidogo. Ikipotea lita moja, naye akaongeza lita moja ya maji matupu, dawa iliyobaki ni lita 3 na nusu. Akifanya hivyo mara ya pili, inabaki lita 3 na kidogo. Mara ya tatu, ni lita 2.7 tu, yaani theluthi moja ya mchanganyiko wote.

Mchanganyiko wa theluthi moja huanza kuganda katika digrii 18 hivi chini ya sifuri. Dereva huyu alikuwa na kinga ya digrii 37, na ameipoteza nusu yake pasipo kujua. Alama ya chupa ya akiba yamwonyesha kuwa maji yamejaa barabara, naye aenda kulala kwa amani. Usiku ule baridi hufika digrii 30.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: anayelazimika kuongeza maji matupu njiani ili afike nyumbani, na afanye hivyo, lakini usiku usimkute kabla hajaurudisha mchanganyiko katika kipimo chake. Kiko chombo kidogo chenye lenzi, ambacho hutiwa tone moja la mchanganyiko na kuonyesha mara moja utaganda katika digrii ngapi. Gereji nyingi za nchi za baridi zinacho.

JE, KWELI YANAPOTEA?

Kabla ya kutafuta uvujaji, yapasa kuhakikisha kwamba upo. Maji yenye dawa hupungua ukubwa yanapopoa. Katika lita 8, yakinywea kwa sehemu 2 tu katika 100, hiyo ni mililita 160, kadiri ya kikombe kidogo cha chai. Kwa hiyo asubuhi ya baridi kali taa ya onyo huweza kuwaka katika dashibodi, kisha ikazimika injini ipatapo moto, na hakuna kilichovuja.

Fanya hivi. Chagua saa moja ya kutazama, yaani asubuhi kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare. Weka alama kwa kalamu ya wino kwenye chupa ya akiba, na uandike tarehe na baridi ya siku hiyo. Tazama tena kwa siku 7. Maji yakipanda na kushuka pamoja na baridi, gari ni zima. Yakishuka tu kila siku, yanakwenda mahali, na kazi yako ni kupatafuta.

UVUJAJI UJIFICHAO

Upo uvujaji mmoja wa siku za baridi uliowasumbua mafundi wengi, nao twapenda kuueleza kwa urefu. Gari huvuja asubuhi tu. Mwenye gari hulipeleka gereji, ambako hulala ndani penye joto. Fundi hutazama kila mahali, haoni tone. Gari hurudi, na kesho yake chupa imepungua tena. Mwenye gari humdhania fundi kuwa mwongo, na fundi humdhania mwenye gari kuwa ana wasiwasi bure. Wote wawili wasema kweli.

Sababu ni hii. Mipira ya maji imefungwa kwa vibano kwenye midomo ya chuma au ya plastiki. Baridi ikizidi, kila kitu hunywea, lakini havinyweii kwa kadiri moja. Mpira mzee huwa mgumu kama ngozi kavu, na kibano cha skrubu hakiwezi kujikaza chenyewe kuufuata. Hapo hupatikana mwanya mdogo kuliko unywele. Injini ikiwashwa, pampu huyasukuma maji, nayo hutoka katika mwanya huo kwa dakika chache za kwanza. Kisha joto hufika, mpira hulainika na kutanuka, mwanya hujifunga, na jioni hakuna dalili yoyote ila pengine ukungu mweupe uliokauka.

Dawa ya fumbo hili ni kulitafuta wakati wake. Gari lilale nje, na fundi alitazame alfajiri likiwa la baridi, kabla halijawashwa na katika dakika 5 za kwanza baada ya kuwashwa. Mara nyingi kosa huonekana kwenye mpira wa chini wa rejeta au kwenye mipira ya hita. Kubadili mpira mzee na kutia kibano cha springi, ambacho hujikaza chenyewe mpira unaponywea, ndiyo tiba. Kukaza kibano cha zamani kwa nguvu huweza kufaa siku moja, lakini huweza pia kuukata mpira au kuuvunja mdomo wa plastiki, nayo baridi huifanya plastiki ivunjike kwa urahisi.

HATUA ZA KUTAFUTA

Ikiwa si kibano, fuata utaratibu huu, ukianza na lililo rahisi.

1. Theluji chini ya gari. Theluji safi ni shahidi asiyesema uongo. Sogeza gari asubuhi, utazame pale lilipolala. Maji ya injini huacha doa la kijani, jekundu la waridi, rangi ya chungwa au buluu, kwa kadiri ya dawa iliyotumika, na doa hilo hubaki laini kama uji. Oili huacha doa jeusi au la kahawia. Maji ya theluji iliyoyeyuka tumboni mwa gari hayana rangi, nayo huganda kuwa barafu ngumu. Hayo si kitu. Pasipo theluji safi, tandika kadibodi chini ya injini usiku.

2. Rejeta. Rejeta nyingi za leo zina matangi ya plastiki yaliyobanwa juu ya mwili wa alumini, na gasketi ya mpira katikati. Pitisha tochi polepole kwenye ukingo huo. Ukungu mweupe au wa rangi ni alama ya maji yaliyotoka yakakauka.

3. Pampu ya maji. Chini ya shafti yake kipo kitundu kidogo kilichowekwa na waliounda gari kwa makusudi. Sili ya ndani ikichakaa, maji hutokea hapo ili dereva aonywe mapema. Usikizibe kitundu hicho kamwe; kukiziba ni kumfunga mdomo mlinzi anayepiga kelele usiku.

4. Hita ya ndani ya gari. Ikiwa kioo cha mbele chafanya ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri, na ndani mna harufu tamu, na zulia la upande wa abiria li mbichi, rejeta ndogo ya hita imetoboka. Wengi hudhani ni theluji iliyoingia kwa viatu. Gusa zulia: maji ya theluji hayatelezi, bali maji yenye dawa huteleza kama sabuni.

5. Hita ya bloki. Katika miji ya kaskazini magari mengi yana hita ndogo ya umeme iliyotiwa ndani ya bloki. Usiku huchomekwa waya ili injini isilale katika baridi tupu, na hata viwanja vya kuegesha magari vina soketi za umeme kwa kazi hiyo. Hita hii imeingizwa kwa tundu lenye sili ya mpira, na sili hiyo huchakaa. Pia, maji yakipungua hata hita ikakaa mahali pakavu, huungua. Basi hita ya bloki isiyofanya kazi tena huweza kuwa habari ya kwanza ya uvujaji.

6. Vizibo vya bloki. Ubavuni mwa bloki mna vizibo vya mviringo vya chuma chembamba. Maji yakiganda huweza kuvisukuma nje. Watu hudhani viliwekwa ili kuiokoa bloki na barafu, lakini asili yake ni kuziba matundu yaliyobaki kiwandani bloki ilipomiminwa. Kizibo kikisukumwa, usifurahi kuwa bloki imepona. Huenda nayo imepata ufa.

7. Ndani ya injini. Hili ndilo baya kuliko yote. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, maji huingia katika silinda na kutoka kwa bomba la moshi, wala hapana tone litakaloonekana chini. Lakini tahadhari! Katika baridi kali kila gari hutoa mvuke mweupe kwa bomba lake, na gari liendalo safari fupi hufanya utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, kwa sababu ya unyevu usiopata joto la kuukausha. Mambo haya mawili peke yake si ushahidi. Shuku gasketi ikiwa moshi mweupe waendelea baada ya injini kupata moto barabara, au oili yenyewe kwenye kijiti chake imekuwa kama chai ya maziwa. Kisha umwombe fundi apime kwa dawa ya buluu: hewa ya juu ya maji ya rejeta hupitishwa katika dawa hiyo, na ikiwa ndani yake mna moshi wa silinda, buluu hugeuka kuwa manjano. Kipimo hiki ni cha bei ndogo, nacho humwokoa mtu asifunguliwe injini bure.

PAMPU YA KUPIMIA

Macho yakishindwa, iko pampu ndogo ya mkono yenye saa ya presha. Hufungwa mahali pa kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, na hewa husukumwa mpaka ifike namba iliyoandikwa juu ya kifuniko cha gari hilo. Isipite hapo, kwa maana presha kubwa kupita kiasi hupasua kilichokuwa kizima. Kisha fundi hungoja dakika 15 hivi. Mshale ukishuka, maji yanatoka, na presha yenyewe itamwonyesha yanapotoka. Kifuniko nacho kipimwe, maana springi yake ikilegea huyaachia maji yatoke katika presha ndogo. Na katika siku za baridi, tusisitize tena, kipimo hiki kifanyike gari likiwa limelala nje. Kupima gari lililopashwa moto ni kumtafuta mwizi mchana ilhali huja usiku.

INJINI ICHEMKAYO KATIKA BARAFU

Msomaji asistaajabu akiambiwa ya kuwa gari laweza kuchemka katika digrii 30 chini ya sifuri. Injini ikiwa bado baridi, thamostati huufunga mlango wa rejeta. Rejeta hukaa mbele ikipigwa na upepo, na mchanganyiko ukiwa hafifu huganda humo. Thamostati ifungukapo, njia imezibwa na barafu. Injini huchemka, huku hita ndani ya gari ikipuliza hewa baridi.

Ukiona mshale wa joto unapanda na hita inapuliza baridi, jambo hilo ni la hatari. Simamisha gari mahali salama, uizime injini, uombe msaada upesi. Usimwage maji ya moto wala ya baridi juu ya injini. Gari linalodhaniwa kuganda lisiwashwe. Livutwe mpaka penye joto, liyeyuke polepole, kisha likaguliwe kama lina ufa.

MAMBO YA KUKATAZWA

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, hata kama nje kuna barafu. Ndani yake maji yana joto kali na presha, nayo huweza kukurukia usoni.

Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa ili kukimbia baridi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua.

Usiionje dawa ili kuitambua, kama walivyofanya mafundi wengine wa zamani. Ni tamu, na ni sumu kali ya kuharibu figo. Utamu huo huwavuta watoto na mbwa. Ikimwagika, ifutwe yote na sakafu ioshwe, na chupa yake ifungwe na kuwekwa juu. Mtu aliyeinywa, hata akionekana mzima, apelekwe hospitali mara moja. Saa za kwanza ndizo zenye tiba.

Usitegemee unga wala maji ya kuziba matundu yauzwayo madukani, ila kwa kufika nyumbani tu. Yanayoziba tundu la rejeta huweza pia kuziba vijia vyembamba vya hita, na dereva akabaki na gari lisilovuja lakini lisilo na joto. Wala usichanganye dawa za aina mbalimbali kwa kuangalia rangi peke yake. Soma kitabu cha gari.

Mwisho, mwenye kusafiri siku za baridi achukue blanketi, tochi, chakula kidogo na simu iliyojaa moto, hata kama gari lake halijapata kuvuja. Akikwama barabara kuu, asiliache gari na kwenda kwa miguu katika theluji.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kibano kimoja cha mpira ni kitu cha bei ndogo, na alfajiri moja ya kuinama na tochi haimchoshi mtu. Wenye jamaa zao ng'ambo na wawapelekee somo hili kabla ya Novemba, ili Januari iwakute wamekwisha kujiandaa.